Anza na Lari

Ufundi wa kuchagua kitabu cha historia hausifiwi, pengine kwa sababu anayeujua huonekana amesimama tu mbele ya rafu akipekuapekua kurasa za nyuma. Sisi wa Kakamega tunauhitaji kuliko wenzetu wa Nyeri au Kiambu. Vita vya Mau Mau havikupiganwa huku kwetu, Isukha wala Butsotso. Mzee wa huku atakusimulia habari za machimbo ya dhahabu, au za Elijah Masinde na Dini ya Msambwa. Ya msitu wa Nyandarua, walikopigana Mau Mau, naye aliyasikia kwa watu. Kwa hiyo tunategemea karatasi, na karatasi nazo zina upande.

Vilikuwa vita vya ukombozi, hilo sibishani na mtu. Lakini vilikuwa pia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo vitabu vingi hukwama. Mchaguzi aliyeiva haangalii jalada wala sifa zilizoandikwa mgongoni. Huenda moja kwa moja kwenye faharasa na kutafuta Lari.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia maboma ya Lari, Kiambu, wakachoma nyumba na kuua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Chifu mstaafu Luka Wakahangara alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hakujakucha, homgadi, yaani walinzi Waafrika walioegemea serikali, na polisi wakaanza kulipiza kisasi, nao wakaua watu wengi. Kitabu kinachosimulia mauaji ya kwanza na kuyanyamazia ya pili kinaendeleza kazi ya serikali ya kikoloni, hata kama kimechapishwa jana. Kinachoficha yale ya kwanza ni mahubiri. Kilicho bora hurudi nyuma zaidi, hadi Tigoni, ambako familia ziliondolewa ili ardhi iwe ya walowezi: wengine wakakubali kupewa Lari badala yake, wengine wakakataa wakabaki mikono mitupu. Uhasama ulikuwa umeshaota mlangoni kwa jirani miaka mingi kabla ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Halafu tazama mwaka wa kuchapishwa. Ripoti ya Corfield ya 1960 kuhusu Mau Mau ni sauti ya serikali ya kikoloni. Isome kama unavyomsikiliza shahidi mwenye kesi. Mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijulikana mwaka 2011 kwa sababu wazee walioteswa wakati wa vita walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Waingereza wakakubali kuwalipa pauni milioni 19.9. Vitabu viwili vikubwa, cha Caroline Elkins na cha David Anderson, vilitoka 2005, kabla ya hayo. Sivitupi. Elkins aliwapa nafasi waliopitia kambi za kizuizini, na ni wachache waliokuwa wamewasikiliza kwa kiasi hicho. Ila makadirio yake ya vifo yalipingwa. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, alikadiria vifo 50,000 hivi, nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi. Anderson alifuata kesi moja moja za walionyongwa, 1,090. Mimi humwamini zaidi mwandishi anayehesabu mbele ya macho yangu.

Daniel Branch, katika kitabu chake cha 2009, ndiye aliyeuliza kwa ukaidi swali gumu: kwa nini Mkikuyu mmoja aliingia msituni na ndugu yake akawa homgadi? Anataja woga, kisasi, shamba, na hata cheti cha utiifu ambacho Mkikuyu asiye nacho hakupiga kura mwaka 1957. Karibu naye weka Karari Njama, mwalimu aliyekuwa mwandishi wa mikutano ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji msituni, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa 1966.

Kabla ya kufungua pochi, ulizia maktaba ya umma mjini au ile ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ukikosa na fedha yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua cha Branch. Ikitosha viwili, ongeza cha Njama.