Ulevi na Malezi ya Vijana katika Utengano na Chozi la Heri

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili shuleni umezoea kuuchukulia ulevi kuwa tabia mbaya ya mhusika, iliyosawiriwa ili msomaji aiepuke. Mwanafunzi huulizwa ataje madhara ya pombe, naye huyataja: maradhi, ufukara, kuvunjika kwa ndoa. Usomaji wa aina hii si wa makosa, bali ni pungufu. Huanzia mwisho wa hadithi, mlevi anapoanguka, na kuliacha swali ambalo kijana analihitaji zaidi: kileo kilimfikiaje mhusika, na kwa mkono wa nani? Makala haya yanadai kuwa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed na Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei, riwaya ambazo zote zimewahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, zinalijibu swali hilo kwa namna inayowahukumu watu wazima kabla ya vijana.

Katika Utengano, Bwana Maksuudi anamtawisha bintiye Maimuna kwa jina la heshima, ilhali yeye mwenyewe anaendesha uasherati nje. Kwa mtazamo wa juu juu, utawa ni kinga kamili: msichana asiyetoka hawezi kukutana na pombe. Riwaya inaibomoa hoja hiyo. Nyumba inapovunjika, Maimuna anatoka bila ujuzi wowote wa kuwapima watu, na wanaompokea wana haja zao. Bi Farashuu ana kisasi na Maksuudi. Mama Jeni ana danguro la kuendesha. Katika mazingira hayo pombe si starehe aliyoichagua msichana mtundu, bali ni sehemu ya biashara ya watu wazima. Baadaye Maimuna anaimba katika baa ya Rumbalola, na ulevi unaiharibu sauti yake, kitu pekee alichoweza kukiita chake. Kutoka hapo anateremka hadi kwenye mataputapu.

Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msomaji mwepesi atautumia msemo huu kumlaumu Tamima. Hata hivyo, Tamima mwenyewe yumo kifungoni. Mama aliyenyimwa ulimwengu angemfunza nini binti kuuhusu? Utengano unaotajwa katika anwani, basi, si wa mke na mume tu, bali pia ni wa kijana na maarifa ambayo yangemlinda.

Chozi la Heri inalichukua suala hili katika upande wa dawa za kulevya. Dick na nduguye Mwaliko wanaibwa na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani, mtu aliyeaminiwa kuwalea. Dick anaishia mikononi mwa mlanguzi anayemlazimisha kuuza dawa hizo angali mdogo. Hapa hakuna nafasi ya kusema kuwa mtoto alipotoshwa na tamaa au marika wabaya. Kabla ya Sauna kuwaiba, mama alikuwa amekwisha kuondoka na baba amefariki. Mlanguzi anaingia kupitia pengo lililoachwa na walezi. Tofauti na Maimuna aliyefungiwa kupita kiasi, Dick hana mtu wa kumlinda. Njia ni mbili, lakini zinafika pamoja.

Udhaifu wa riwaya zote mbili umo katika usawiri wa kupona. Maimuna anaongoka na kuolewa na Kabi. Dick anaiacha biashara ile na kujitegemea. Mageuzi haya yanaridhisha kimaadili, lakini yanapitiwa upesi mno yakilinganishwa na anguko. Uraibu ni jambo la mwili na akili, na hauachwi kwa azma pekee. Kijana anayepambana nao, au aliye na mzazi anayepambana nao, hapati kurasa za kumwongoza.

Suala hili linavuka mipaka ya fasihi. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, vinaonyesha kuwa kuwatisha vijana na kuwapa habari za madhara pekee hakuleti kinga. Stadi za maisha na uhusiano wa karibu na wazazi ndivyo husaidia. Nchini Kenya, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilikataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na hivyo kuuweka wajibu kwa muuzaji. Mafunzo ya fasihi hayana budi kufuata mkondo huo. Mtahini anayeuliza tu kuhusu madhara ya ulevi kwa Maimuna anamfunza mwanafunzi kumhukumu Maimuna. Akiuliza ni nani waliofaidika na ulevi wake, atamfunza kumtambua Mama Jeni atakapokutana naye nje ya kitabu.