Minada Miwili ya Detroit: Nyumba ya Dola 500 na Nyumba ya Dola 1,000

Mwaka 2014, mtu mwenye dola 1,000 aliweza kushindania nyumba ya matofali mjini Detroit. Mwenye dola 500 naye alikuwa na pa kwenda. Mji huu wa viwanda vya magari ulikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Sasa walikuwa hawafiki 700,000, na Julai 2013 serikali yake ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nyumba tupu zilijaa mitaani.

Bei hizo mbili zilitoka katika minada miwili iliyoendeshwa ndani ya mji mmoja, kwa nyumba za aina moja. Kilichoitenganisha ni masharti, na mwekezaji anayetafuta nyumba zilizofilisiwa ana mengi zaidi ya kujifunza hapo kuliko kwenye tangazo lolote la bei poa.

Mnada wa dola 500 ulikuwa wa Kaunti ya Wayne, ambamo Detroit imo. Sheria ya jimbo la Michigan ya 1999 inamruhusu mweka hazina wa kaunti kutwaa nyumba ambayo kodi yake ya majengo imelimbikizwa hadi mwaka wa tatu. Mnada wa Septemba ulianzia kwenye kiasi cha deni. Nyumba iliyokosa mteja ilirudishwa Oktoba, na hapo ndipo bei ya kuanzia ilikuwa dola 500. Mnunuzi hakuruhusiwa kuingia ndani kukagua. Alikabidhiwa hati isiyo na dhamana: kaunti ilimpa haki ilizokuwa nazo, basi, na mdai mwingine akijitokeza ilikuwa shauri yake. Mara nyingi ndani mlikuwa na watu, ama mwenye nyumba mwenyewe, ama mpangaji aliyelipa pango kila mwezi bila kujua kwamba mwenye nyumba halipi kodi ya serikali.

Wengi walinunua kwa mkupuo, wengine wakiwa mbali na Michigan. Wapo waliokusanya pango mwaka mmoja au miwili, hawakukarabati kitu wala kulipa kodi, na nyumba zikarudi mnadani zikiwa katika hali mbaya zaidi.

Mnada wa dola 1,000 uliendeshwa na Mamlaka ya Benki ya Ardhi ya Detroit, taasisi ya umma inayomiliki nyumba tupu za mji, iliyoanza kuuza nyumba kwa njia ya mtandao mwaka 2014, Meya Mike Duggan akiwa ndiyo kwanza ameingia ofisini. Hapa milango ilifunguliwa siku maalumu ili wanunuzi waje na mafundi wao. Mwenye malimbikizo ya kodi katika kaunti hakukubaliwa. Sharti zito lilikuja baada ya ushindi: mnunuzi alipewa miezi sita kuifanya nyumba ikalike, huku akionyesha maendeleo ya kazi. Akishindwa, Mamlaka iliweza kuichukua tena. Masharti haya yaliwakera waliotaka kununua na kusubiri bei ipande, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya masharti yenyewe.

Tuingie ndani ya nyumba yenyewe, maana hapo ndipo pesa huliwa. Nyumba iliyokaa tupu Detroit huwa imetembelewa na wezi wa vyuma: mabomba ya shaba yameng'olewa ukutani, tanuru la kupashia nyumba joto halipo, pipa la maji moto halipo. Kama maji hayakufungwa kabla ya baridi, yaliganda na kupasua mabomba yaliyosalia. Rangi iliyopakwa kabla ya 1978 huenda ina risasi. Chini ya ardhi, bomba la majitaka la udongo wa kuchoma huwa limeingiliwa na mizizi ya miti. Fundi hupitisha kamera ndani yake, na picha ya dakika chache inaweza kumwokoa mnunuzi gharama ya kuchimba ua mzima. Ukutani mwa chumba cha chini, ufa mwembamba wa kusimama kwa kawaida si tishio. Ufa unaolala, na ukuta umebonyea kwa ndani, unaonyesha udongo unausukuma, na huo unahitaji mhandisi.

Walioelewa kazi hii walianza na paa, wakaja kwenye msingi, mabomba, umeme na joto. Makabati ya jikoni na rangi vilisubiri. Anayeanza na vinavyoonekana huvibomoa tena bomba linapovuja nyuma yake.

Wanunuzi wa nyumba mbovu Marekani wana kanuni yao: chukua asilimia 70 ya thamani ya nyumba ikishatengenezwa, toa gharama ya ukarabati, kinachobaki ndicho kikomo cha bei. Nyumba itakayofikia dola 100,000 na kuhitaji ukarabati wa 45,000 isinunuliwe kwa zaidi ya 25,000. Lakini fikiria nyumba itakayofikia dola 40,000 na kuhitaji 60,000. Hata ukipewa bure, hesabu inagoma. Mitaa mingi ya Detroit ilikuwa hivyo, na benki hazikukopesha zaidi ya thamani ya nyumba. Mpango ulioanzishwa 2016 ulijaribu kuziba pengo hilo kwa mkopo wa pili wa hadi dola 75,000. Aliyefanya hesabu hii kabla ya kupandisha dau anastahili kwenda kwa ujasiri. Nyumba nzuri zilikuwepo, na watu wa kawaida walizipata.

Ujasiri huo lazima uambatane na nidhamu ya kodi. Uri Rafaeli alinunua nyumba ya kupangisha huko Southfield, jirani na Detroit, kwa dola 60,000 mwaka 2011. Alipolipa malimbikizo ya kodi alipungukiwa na dola 8.41 za riba. Kaunti ya Oakland iliitwaa nyumba, ikaiuza kwa dola 24,500 na kubaki na fedha zote. Julai 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan ilisema ziada inayobaki baada ya deni kulipwa ni mali ya mwenye nyumba, na Mei 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua vivyo hivyo katika kesi ya bibi wa Minnesota mwenye umri wa miaka 94. Leo, aliyepoteza nyumba kwa njia hii Michigan anaweza kudai ziada yake, ila ni lazima awasilishe taarifa ya madai ifikapo Julai 1 ya mwaka ambao nyumba imetwaliwa.