KUPIMA MJI KWA NJIA PANDA
Uhakiki wa kipimo cha kutapakaa kwa miji, na somo la Dar es Salaam kwa Bariadi

Zamani wataalamu walipotaka kujua kama mji unatapakaa walipima eneo lililojengwa, kisha wakaligawa kwa idadi ya watu. Katika miaka ya karibuni wameongeza kipimo kingine, nacho ni kuzitazama barabara zenyewe na kuuliza zinaungana kwa kiasi gani. Mwaka 2015 Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walitoa utafiti wa karne nzima ya barabara za miji ya Marekani, na mwaka 2020 wakatoa mwingine ulioitazama dunia nzima. Kada au mwanafunzi atakayesoma mipango miji atakutana na kipimo hiki. Kwa hiyo ni wajibu wetu kukichambua: kina ukweli gani, kina upungufu gani, na sisi wa Mkoa wa Simiyu tukitumie vipi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Chukua mtaa wenye njia panda tisa, zilizopangwa tatu kwa tatu kama mraba. Vipande vya barabara vinavyoziunganisha ni 12. Gawa 12 kwa 9, utapata 1.33. Sasa chukua mtaa mwingine wenye vituo tisa vilivyounganishwa kama matawi ya mti: shina moja, matawi, na kila tawi likiishia ukutani. Vipande vitakuwa 8 tu, na jibu ni 0.89. Tofauti hiyo ya tarakimu ina maana kubwa kwa mwananchi. Katika mtaa wa kwanza, kipande kimoja kikikatwa na mafuriko, bado pana njia ya kuzunguka. Katika mtaa wa pili, kipande chochote kikikatwa, kuna kaya zitakazofungiwa humo ndani. Mama mjamzito hatatoka, na gari la zimamoto halitaingia.

Watafiti hao wanasisitiza jambo moja ambalo ni la kweli kabisa, kwamba nyumba hubomolewa na kujengwa upya, lakini barabara ikishakatwa hudumu vizazi na vizazi. Kosa la mwaka mmoja hulipwa kwa miaka mia. Hapa kipimo kinatusaidia, na mtu anayekidharau kwa sababu tu kimetoka Marekani hafanyi uchambuzi.

Lakini kipimo hiki kina upungufu, na upungufu huo unaonekana tukikipeleka Dar es Salaam.

Kwanza, kipimo kinahesabu kilichochorwa kwenye ramani tu. Tandale au Manzese zikipimwa kwa barabara za magari peke yake, zitaonekana kama mitaa iliyojifunga. Vichochoro vya waenda kwa miguu vikiingizwa, mitaa hiyo hiyo itaonekana kuwa na muunganiko mkubwa kuliko mitaa ya wenye magari. Watu ni wale wale na ardhi ni ile ile, ila jibu limegeuka. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam, hasa kwa ajili ya kukabili mafuriko, na vichochoro vingi vikaingia kwenye ramani kwa mara ya kwanza. Hivyo basi, kabla ya kuuliza tarakimu inasema nini, tuulize ramani ilichorwa na nani, na kwa haja ya nani.

Pili, kipimo kinaonyesha kwamba mji umekatika, lakini hakisemi nani aliukata. Mtu anayeisoma tarakimu peke yake atadhani mji hutapakaa kama mto unavyofurika, bila mtu wa kulaumiwa. Historia inakataa. Kariakoo ina mitaa iliyonyooka na njia panda nyingi; kwa kipimo hiki itapata alama nzuri sana. Lakini wakoloni waliugawa mji kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Kariakoo na mtaa wa biashara wakaacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja ili uwe mpaka. Mitaa ndani ya Kariakoo iliungana, lakini watu wake walitengwa na mji uliobaki. Kipimo kinachosifu mitaa hiyo bila kuutaja mpaka huo kimeona nusu ya jambo.

Tatu, kipimo hakigusi umiliki wa ardhi, na hapo ndipo chanzo chenyewe kilipo. Dar es Salaam ilipewa ramani kuu mwaka 1949, 1968 na 1979. Hata hivyo mji ulijinyoosha kama vidole kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kisha nafasi kati ya vidole ikajazwa. Ilijazwaje? Mwenye shamba alimkatia mnunuzi kipande, jirani yake naye akamkatia mwingine, na kila mmoja aliuza mpaka mwisho wa ardhi yake. Njia ikawa ni kile kilichosalia baada ya mauzo. Hakuna muuzaji aliyelipwa kwa kuacha barabara, na hakuna mnunuzi aliyeikubali ipite kwake. Faida ikawa ya mtu mmoja mmoja, hasara ikawa ya mtaa mzima.

Kwamba hali hii si amri ya Mungu kunathibitishwa na Sinza. Katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, barabara zilikatwa na viwanja vikapimwa kwanza, ndipo watu wakajenga nyumba zao kwa nguvu zao wenyewe. Serikali haikuwajengea wananchi nyumba. Ilihifadhi ardhi ya umma kabla haijauzwa.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: Bariadi haina bahari wala haina watu milioni tano, yatuhusu nini hayo? Yanatuhusu kwa sababu Bariadi iko pale Dar es Salaam ilipokuwa zamani, yaani kabla ya nafasi kati ya vidole kujaa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Lami imefika kutoka Lamadi na kutoka Maswa, na kila ifikapo lami bei ya kiwanja hupanda. Vidole vyetu ni barabara hizo. Shamba la pamba la leo ni mtaa wa kesho.

Hata hivyo tusiingie katika kosa la upande wa pili, la kuabudu mstari ulionyooka. Wazee wa Simiyu wanaikumbuka Operesheni ya Vijiji ya mwaka 1974, ambapo kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamishiwa kwenye safu za nyumba kando ya barabara. Safu zilinyooka, lakini watu wengi walikuwa mbali na mashamba na malisho yao, na baadaye wengi walirudi. Mchoro usioanza na shughuli za watu hudumu kwa muda wa amri tu.

Kutokana na uchambuzi huu, kazi zilizo mbele yetu ni hizi:

(a) Kila mtaa uhesabu wenyewe njia panda zake, njia zake zisizotokea, na vichochoro vyake. Balozi wa nyumba kumi anavijua vyote bila setilaiti. Hesabu hiyo ijadiliwe katika mkutano wa mtaa.

(b) Barabara zitengwe shambani kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa, na hasara ya ardhi igawanywe kwa wote watakaonufaika, isimwangukie mkulima mmoja. Akiachiwa peke yake ataificha, na atakuwa na haki ya kulalamika.

(c) Urasimishaji wa makazi usiwe kazi ya kuandika hati tu. Hati inayothibitisha kichochoro kilichozibwa imeuhalalisha ukuta.

(d) Kiongozi aliyejenga juu ya njia ya umma awe wa kwanza kuifungua.

Gharama ya kuchelewa tumekwisha iona. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara, na familia zilizokuwa zimejenga kwa miaka mingi zikapoteza kila kitu kwa siku chache. Katika mashamba yanayouzunguka mji wa Bariadi, kazi hiyo hiyo leo inahitaji kamba, vigingi na mkutano mmoja wa hadhara. Baada ya miaka ishirini itahitaji tingatinga, na walio chini ya tingatinga watakuwa wananchi wale wale tunaodai kuwatumikia.