Fundi wa Gari Linalochemsha Hupimwa Asubuhi

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, fundi anayetoa themostati na kuunga feni dairekti, izunguke tangu swichi inapofunguliwa, hupewa sifa na hela ya soda juu. Mwenye gari anaona mshale wa joto umelala chini, anafurahi, anawaelekeza na wenzake kwa fundi huyo. Kazi hiyo ni mbovu. Injini imenyimwa joto lake. Kompyuta inaona bado ni baridi, inazidi kumwaga petroli. Oili haifikii wepesi unaotakiwa. Na ugonjwa uliolichemsha gari uko palepale.

Waundaji wa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, waliiwekea feni ya kujishika na kujiachia kwa sumaku ya umeme, kwa sababu walijua injini haihitaji upepo kila wakati. Mafundi waliokua na magari hayo waliheshimu joto. Kizazi chao kinapungua, na pengo linaonekana.

Themostati ina nta inayotanuka ikipata moto. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Kuipima nyumbani kunataka sufuria ya maji, kipimajoto na jiko, basi. Ikigoma kufunguka, inunuliwe nyingine. Nafasi yake isiachwe tupu. Na inaporudishwa, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipate njia.

Kinachomtenga fundi na mbabaishaji, hata hivyo, ni saa ya kazi. Mbabaishaji hulichunguza gari likiwa linatoa mvuke. Fundi huomba lilale kwake, akalitazame alfajiri kabla halijawashwa.

Anatazama nini? Kwanza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umebonyea kama tumbo la mtu mwenye njaa, jibu limeshapatikana, na limo kwenye mfuniko.

Mfuniko wa rejeta una valvu mbili, na karibu kila dereva anaijua moja. Ile kubwa, yenye springi, hubana mgandamizo. Ndiyo maana ya namba 0.9 au 1.1 iliyopigwa juu yake. Kwa mgandamizo wa 0.9, maji ya pwani hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 119. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo springi iliyochoka inaweza kuvumilia Dar es Salaam mwaka mzima, kisha ikaumbuka kwenye kona za mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, gari limejaa mzigo na hewa imepungua uzito. Dereva husema gari halipendi milima. Mfuniko ndio mbovu.

Valvu ndogo, iliyo katikati, hufanya kazi usiku. Injini ikipoa, maji husinyaa na kuacha ombwe. Valvu hiyo hufunguka na kuyavuta yale yaliyokimbilia chupa ya akiba. Ikiganda kwa kutu, maji hutoka kila mchana na hayarudi. Chupa inajaa, rejeta inakauka, hewa ya nje inaubana mpira mpaka unabonyea. Mwenye gari anaiona chupa imejaa, anaapa kwamba maji yapo. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani alikuwa haulizi lolote kuhusu mshale. Aliuliza tu chupa ilisimama wapi jioni na imesimama wapi asubuhi.

Matapeli nao wanaijua saa hiyo, ndiyo maana hulileta gari la kuuza likiwa limeshapata moto. Wengine humimina bizari au yai kwenye rejeta ili kuziba uvujaji kwa siku chache, na vijia vyembamba vikazibika pamoja nao. Mnunuzi asikubali. Injini iwe baridi kabisa, mfuniko ufunguliwe, gari liwashwe. Maji yakianza kwenda mbio papo hapo, themostati haimo au imekwama ikiwa wazi. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, gasketi ya hedi inavujisha. Mfuniko wa oili ukiwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili.

Yako mengine yasiyo na mjadala. Klipu za waya hazifungwi kwenye mpira wa rejeta. Maji ya kisima yenye chumvi hayaingii kwenye injini hata kwa dharura ya kutoka Mbezi hadi Kimara. Gereji yenye redio ya kelele haifai kwa kazi hii, maana beringi ya wota pampu husikika kabla haijaonekana.

Gasketi ya hedi ndiyo mtihani wa mwisho. Fundi anayeibadili bila kuilaza rula ya chuma juu ya hedi kuangalia kama imepinda, atarudishiwa gari lilelile. Anayestahili malipo hupima, hupeleka hedi ikasawazishwe ikibidi, husafisha matundu ya bolti, kisha hukaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Asiye na spana hiyo abadilishe mipira na mifuniko. Hedi awaachie wenye nayo.