Masimulizi ya Wasasi

Ernest Hemingway alifika Tanganyika mwaka 1933 kuwinda, na habari za safari ile akazitoa katika kitabu chake Green Hills of Africa, mwaka 1935. Katika dibaji asema amejaribu kuandika kweli tupu, aone kama yaweza kushindana na kazi ya kubuni.

Wasasi wakiota moto jioni, wasemao ni wenye bunduki. M'Cola, mchukuzi wa bunduki, na Droopy, mfuata nyayo, ndio wajuao kusoma nyasi zilizolala. Lakini maneno yao yatufikia vipande vipande, kwa Kiswahili haba cha mwandishi. Hata kicheko cha M'Cola, fisi akipigwa risasi, chafasiriwa na bwana wake.

Penye sifa mpeni sifa. Msimulizi arudi kambini na pembe za tandala wawili, kifua mbele, akute Karl amepata kubwa zaidi. Naye aungama wivu wake waziwazi. Wasasi wangapi husimulia hivyo? Kurasa hizo zatimiza ahadi ya dibaji. Ama msimu ule kama ambavyo M'Cola angewasimulia wenziwe, haumo kitabuni.