Sekunde 28 za Tim Duncan Benchini

Katika misimu 19 ambayo Tim Duncan aliichezea San Antonio Spurs, uamuzi mbaya kuliko yote uliomhusu haukuwa wake. Ulikuwa wa kocha wake, Gregg Popovich, usiku wa Juni 18, 2013 mjini Miami, alipomtoa nje katika mchezo wa sita wa fainali ya NBA, zikiwa zimebaki sekunde 28.2, timu ikiongoza kwa 94 kwa 89 na ikiwa tayari imeshinda michezo mitatu kati ya minne iliyohitajika kutwaa ubingwa.

Hoja ya kocha inafahamika. Miami, ikihitaji pointi tatu kwa haraka, ilijaza uwanjani wapigaji wa mbali, na San Antonio ilitaka wakabaji wanaoweza kubadilishana, yaani kila mmoja kumchukua mshambuliaji wa mwenzake pindi inapowekwa skrini, ambayo ni mwili wa mchezaji uliosimama imara kumzibia njia mkabaji. Duncan, akiwa na miaka 37, alionekana mzito kwa kazi hiyo, ndipo Boris Diaw akaingia. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inahesabu mtupo wa kwanza tu, ilhali mtupo uliokosa haumalizi zamu ya ulinzi. Zamu humalizwa na ribaundi, yaani kuudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ubao au ringi, na mwenye ribaundi 17 usiku ule alikuwa ameketi benchi.

LeBron James wa Miami alikosa mtupo wa pointi tatu, mpira ukagombaniwa chini ya kikapu kisicho na mwenyewe, ukamrudia, naye akafunga: 94 kwa 92. Kawhi Leonard wa San Antonio akapata mmoja kati ya mitupo huru miwili, na ilipofika zamu ya kulinda Duncan akawa nje tena. Hapo ndipo kosa lilipokuwa kosa hasa, kwa kuwa lilirudiwa. James alikosa mara ya pili. Mwenzake Chris Bosh, mwenye urefu wa mita 2.11, aliruka na kuudaka mpira mbele ya Manu Ginóbili wa San Antonio, mwenye mita 1.98, akampa Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kwenye kona ya kulia, naye akafunga pointi tatu, huku Tony Parker wa San Antonio akifika akiwa amechelewa. Ilikuwa 95 kwa 95, zikibaki sekunde 5.2, huku pembeni mwa uwanja kamba ya njano ya sherehe za kukabidhi kombe ikiwa imekwisha kutandazwa. Miami ilishinda katika muda wa nyongeza, 103 kwa 100.

Watetezi wa Popovich husema kwamba Duncan, aliyefunga pointi 30, hakufunga hata moja katika robo ya nne wala katika muda wa nyongeza, jambo ambalo ni kweli lakini halihusiani na ribaundi. Isitoshe, timu iliyokuwa mbele kwa pointi tatu haikucheza faulo ya makusudi ili kumpeleka mpinzani kwenye mitupo huru miwili, uzembe ambao makocha wakubwa wameendelea kuuita busara.

Miaka 19 kabla yake, katika mchezo wa sita wa fainali ya 1994, Rudy Tomjanovich wa Houston Rockets alimwacha uwanjani senta wake, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, timu ikiongoza kwa 86 kwa 84. John Starks wa New York alipotoka kwenye skrini na kuinuka kupiga pointi tatu, Olajuwon alimfuata hadi nje ya mstari akaugusa mpira kwa ncha za vidole. Kocha aliyemwamini mtu wake mrefu hakulazimika kuchagua kati ya kona na ringi.

Mataji matano ya Duncan, likiwamo la 2014 dhidi ya Miami hiyo hiyo, hayana ubishi. Hata hivyo, wengi hukumbuka zaidi mchezo wa saba wa 2013, alipokosa mtupo wa karibu mbele ya Shane Battier wa Miami katika dakika ya mwisho, akakosa pia kuusukumia ndani uliporudi, kisha akainama na kuipiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Mchezo huo haukupaswa kuchezwa kabisa.