Shujaa Anayesoma: Uhakiki wa Kipindi cha Super Why! kwa Mwalimu wa Kiswahili

Mashujaa wenye nguvu za ajabu hupendwa na watoto kila mahali, na walimu wa madarasa ya chini huwatumia kama chambo cha kuwavuta wanafunzi wao kwenye kitabu. Katika uhakiki huu tunauliza swali moja: je, shujaa huyo humfundisha mtoto kusoma, au humzoesha kutazama picha tu?

Swali hili lina uzito kwetu hapa Uganda. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vya watoto vinahitajika, na njia ya mkato ni kutafsiri vya kigeni.

Hadithi nyingi za mashujaa hawa zina kasoro moja kubwa. Shujaa hushinda kwa ngumi au kwa kuruka angani. Ukiyafunika maneno kwa kiganja, kisa bado kinaeleweka. Mtoto hufurahi, lakini hajasoma.

Kipindi cha katuni cha Super Why!, kilichoanza kurushwa na PBS ya Marekani mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, kimeikwepa kasoro hiyo. Mashujaa wake huingia ndani ya kitabu kutafuta jibu la tatizo. Alpha Pig ana nguvu ya alfabeti, Wonder Red nguvu ya maneno yenye vina, Princess Presto nguvu ya tahajia, naye Super Why ana nguvu ya kusoma: hubadilisha neno moja katika sentensi, na hadithi nzima hubadilika. Hapa ndipo tunapokisifu kipindi hiki. Asiyesoma hashindi.

Hata hivyo, nguvu hizo zimeshonwa kwa kipimo cha Kiingereza, lugha ambayo herufi moja huweza kuwa na sauti kadhaa. Irabu 5 za Kiswahili hazigeuki. Mtoto huanza na ba, be, bi, bo, bu, na baada ya muda huweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona. Ugumu wa Kiswahili uko kwingine, yaani katika ngeli na upatanisho wa kisarufi. Shujaa wetu akigusa neno moja, mara nyingi sentensi nzima humdai mabadiliko.

Kwa maoni yetu, mwalimu achukue mpango wa kipindi hiki, aache silaha zake. Wala hatuna haja ya kuazima shujaa. Masimulizi ya Buganda yanaye Kibuuka wa visiwa vya Ssese, aliyepigana upande wa Kabaka Nakibinge akiwa amejificha ndani ya wingu, hadi adui alipoijua siri yake. Tuseme mwalimu anaandika ubaoni: "Wingu jeusi limetanda." Adui wanalenga mishale yao kwenye wingu hilo. Darasa limwokoe Kibuuka! Mtoto anasoma, anabadilisha, anasoma tena: "Mawingu meusi yametanda." Sasa adui hawajui walenge lipi. Viambishi vitatu vimebadilika, na mtoto ameona kwa macho yake kazi ya kila kimoja.

Mtoto anayezungumza Luganda ataipokea nguvu hii upesi, kwa kuwa kwake pia ekire huwa ebire. Mwenzake wa Kiacholi au Kiteso hana mfumo kama huo katika lugha yake ya nyumbani. Huyo apewe kwanza sentensi fupi za ngeli moja, tena kwa siku kadhaa. Aidha, tukumbuke kwamba mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 ulilenga watoto wa P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha za maeneo yao. Basi Kibuuka anaweza kusimuliwa kwanza kwa lugha hiyo, kisha asomwe kwa Kiswahili.

Kipimo chetu ni rahisi. Kabla ya kununua, kutafsiri au kutunga hadithi ya shujaa, mwalimu ayafunike maneno kwa kiganja. Kama kisa kinaendelea bila maneno, kitabu hicho ni cha burudani, na burudani si dhambi. Lakini kisihesabiwe kuwa somo la kusoma.